Kubadilisha gari kabla bima haijamalizika Uingereza

Kwa dereva aishiye Uingereza, kuuza gari na kununua jingine ni shughuli inayoweza kukamilika katika siku moja. Bima, kwa kawaida, ni mkataba wa miezi 12, na ni nadra tarehe ya kuuza gari kuangukia siku ile ile mkataba unapomalizika.

Je, fedha zilizokwisha kulipwa huenda wapi? Na gari lililonunuliwa laweza kuingia barabarani kwa bima ya lile la zamani?

Jibu la swali la pili ni fupi. Haliwezi, mpaka kampuni ya bima iarifiwe na ikubali.

Msikilizaji aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Kampala amezoea kuiona bima kwa macho: stika iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Uingereza haina stika ya namna hiyo. Kila gari lenye bima huorodheshwa kwa namba yake ya usajili katika hifadhi ya kumbukumbu inayosimamiwa na MIB, taasisi ya makampuni ya bima ya magari, na polisi huziangalia kumbukumbu hizo kwa msaada wa kamera zinazosoma vibao vya namba. Askari hana haja ya kumsimamisha dereva kwanza ili apate kujua.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu auzaye gari lake Jumamosi asubuhi na kuondoka na jingine mchana, akijiambia kwamba bima anayo, huenda akawa anavunja sheria tangu dakika anapotoka kwa muuzaji.

Adhabu si ndogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 1988, ni kosa kuendesha gari bila bima inayowalinda, walau, wahusika wengine. Adhabu ya kawaida isiyofika mahakamani ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa katika leseni. Shauri likifika mbele ya hakimu, faini haina kikomo na dereva aweza kuzuiwa kuendesha. Gari nalo laweza kukamatwa papo hapo, na lisipokombolewa kwa wakati huuzwa au kupondwa.

Pointi hizo 6 zina uzito wa pekee kwa wahamiaji. Leseni za Tanzania, Kenya na Uganda hazimo katika orodha ya zile zinazobadilishwa moja kwa moja kuwa za Uingereza; baada ya miezi 12 ya ukaazi, mwenyeji wa nchi hizo hana budi kufanya mtihani upya. Na sheria ya mwaka 1995 inasema kwamba dereva anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili tangu afaulu mtihani wake wa kwanza hapa hufutiwa leseni, na kuanza tena kama mwanafunzi. Mtu aliyeendesha lori miaka 20 kati ya Mombasa na Nakuru huhesabiwa hapa kuwa dereva mpya.

Kosa hili mara nyingi hutokana na imani iliyoenea kwamba mwenye bima kubwa anaruhusiwa kuendesha gari lolote. Ni kweli kwamba baadhi ya mikataba humruhusu mwenye bima kuendesha gari la mtu mwingine, kwa ridhaa ya mwenyewe. Lakini ruhusa hiyo huwa ni ya bima ndogo tu, yaani hasara ya gari analoliendesha hailipwi, na kwa kawaida haihusu gari lililo mali yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, katika mikataba mingi ruhusa hiyo hukoma pale gari lililokatiwa bima linapouzwa. Kwa maneno mengine, inatoweka wakati ule ule mtu anapoitegemea.

Utaratibu ulio salama ni kuipigia simu kampuni kabla ya kulipia gari. Watataka namba ya usajili, aina ya gari, thamani yake, kama limefanyiwa mabadiliko yoyote, litalala wapi usiku na nani hasa atakuwa akiliendesha zaidi. Sheria ya mwaka 2012 inamtaka mteja achukue uangalifu wa kutosha asitoe maelezo ya uongo. Baba anayejiandikisha kuwa dereva mkuu wa gari ambalo kwa hakika ni la mwanawe, ili bei ipungue, aweza kunyimwa fidia siku ya ajali.

Kampuni ikikubali, hukokotoa upya gharama za kipindi kilichosalia. Tuseme mtu alilipa pauni 600 kwa mwaka, na amebakiza miezi 6. Gari analolinunua lina bima ya pauni 840 kwa mwaka. Tofauti ni pauni 240. Kwa nusu mwaka, pauni 120. Juu yake huongezwa ada ya kubadilisha hati, ambayo kila kampuni hujipangia. Bima ya gari jipya ikiwa nafuu zaidi, mteja aweza kurudishiwa kiasi fulani, ingawa ada hiyo huweza kukimeza chote. Alipaye kwa mwezi ajue kwamba aghalabu amekopeshwa, hivyo kusitisha malipo benki si njia ya kuvunja mkataba.

Yawezekana pia kampuni ikakataa. Gari lenye injini kubwa mno, au lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha tumika, si kila kampuni hulipokea. Hapo mteja hulazimika kuvunja mkataba na kutafuta kwingine. Atarudishiwa sehemu ya fedha zake baada ya makato, iwapo hajadai fidia mwaka huo, lakini mwaka ule usiotimia hautahesabiwa katika punguzo la wasiodai fidia. Kwa maoni yetu, hasara hii huzidi ile ya ada, kwani punguzo hilo hukua mwaka hadi mwaka na kwa dereva wa muda mrefu hushusha bei kwa kiasi kikubwa. Mwenye kubakiza wiki chache afikirie kusubiri.

Iwapo magari yote mawili yatakaa nyumbani kwa siku kadhaa, kila moja lahitaji bima yake. Tangu mwaka 2011, mwenye gari lililosajiliwa Uingereza anatakiwa awe na bima hata kama gari limeegeshwa tu, isipokuwa ameiarifu mamlaka ya usajili, DVLA, kwamba haliko barabarani. Zipo bima za muda mfupi, kuanzia saa moja hadi siku 28, na kwa pengo la namna hii zinafaa.

Bima isichanganywe na ushuru wa barabara. Tangu Oktoba 2014 ushuru hauhamishwi pamoja na gari: muuzaji hurudishiwa miezi kamili iliyosalia, na mnunuzi hulipa upya kabla ya kuondoka, akitumia kipande cha kijani cha kadi ya gari. Cheti cha ukaguzi, MOT, chenyewe hubaki na gari.

Kwa wale wanaojipatia riziki kwa teksi za kuagizwa, kuarifu kampuni ya bima peke yake hakutoshi. Gari lenyewe huwa na leseni yake, inayotolewa na baraza la mji au, kwa London, na mamlaka ya usafiri ya jiji hilo. Gari lililonunuliwa Jumamosi haliruhusiwi kubeba abiria Jumatatu kwa leseni ya lile lililouzwa, hata bima ikiwa kamili. Waletao chakula majumbani nao wanahitaji bima inayotaja kazi hiyo. Ile ya matumizi ya nyumbani haiwafuniki.

Kumbukumbu za MIB hazibadiliki kila mara papo kwa papo, kwa hiyo ni vyema kutembea na hati mpya, hata kama ni kwenye simu. Siku chache baadaye mwenye gari aweza kuangalia bila malipo, kupitia mtandao, kama namba yake imeingizwa.

Mteja asiyeridhika na ada au hesabu za kampuni huwasilisha kwanza malalamiko kwa kampuni yenyewe, ambayo ina wiki 8 za kujibu. Akikosa jibu, au asiporidhika nalo, aweza kwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, Financial Ombudsman Service, ndani ya miezi 6 tangu apewe jibu la mwisho. Huduma hiyo haina malipo.