Digi ya udongo haibomoke kwa siku moja

Wandugu, pale nilikuwa nafanya staji, tulijenga bwawa la samaki karibu na mto Mutambala, huku kwetu Baraka. Digi yake ilikuwa udongo mtupu. Chini yake, upande wa inje, palikuwa panatoka maji kidogo. Yalikuwa safi, basi tukaacha. Kiisha mvua ya siku mbili, maji yale yakaanza kutoka na rangi ya matope. Tukasema ni mvua tu. Asubuhi digi haikuwako tena, na tilapia zetu zilikuwa ndani ya mpunga wa watu.

Sisi tulipoteza samaki. Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, digi iliyobomoka ilikuwa ya taka za mgodi wa shaba. Litre karibu milioni 50 za maji yenye asidi ziliingia mto Mwambashi, kisha Kafue. Samaki wakafa, mahindi ya kandokando yakaungua, Kitwe ikafungiwa maji ya bomba. Kwetu Fizi tuko na dhahabu, Misisi kila mtu anaijua. Popote mchanga unasafishwa kwa sayanidi, maji yanayobaki lazima yalale mahali, na mara nyingi yanazuiliwa na udongo.

Sasa, kila digi ya udongo inavuja, hiyo si ugonjwa. Cha kuangalia ni maji yanabeba nini. Yakiwa meupe, yanapita tu kati ya chembe za udongo. Yakiwa na matope, njo yanabeba digi yenyewe kutoka ndani, na tundu linakua kurudi nyuma mpaka kufika kwenye bwawa. Chupa ya plastiki inatosha: chota kila asubuhi, acha itulie, tazama kama udongo umelala chini.

Ya pili ni nafasi ya juu. Bwawa la samaki likijaa, unafungua mfereji maji yaende. La sumu huwezi. Kwa hiyo kabla ya mvua za mwezi wa kumi, maji yawe yameshapunguzwa, kijiti chenye alama kiwe kimesimama ndani, na mfereji uchimbwe upande wa mlima ili maji ya mvua yapite pembeni. Baia Mare, Rumania, tarehe 30 Januari 2000, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa mpaka digi ikakatika. Metre kibu karibu 100.000 za maji ya sayanidi zikafika mpaka mto Danube.

Hapa na sisi wa kilimo tunakosa: tunapenda kupanda miti juu ya digi eti ishike udongo. Mizizi ikioza inaacha mabomba ndani. Weka majani mafupi tu, ndiyo utaona hata nyufa na matundu ya panya.

Na ukiona ufa mrefu au maji ya matope, usitoe maji yote kwa haraka. Upande wa ndani bado umelowa, maji yalikuwa yanauegemeza. Ukiyaondoa ghafula, unateleza. Pompa polepole kwenda basen ingine, na watu wa chini ya mto waambiwe saa ileile, hata kama ni usiku, wahame na watoto na wasichote maji.