Kamusi ya dawa: nani analipwa kwa majina?

WANAOFUATILIA hisa za makampuni ya dawa huangalia zaidi viwanda: nani amegundua dawa mpya, nani haki yake ya uvumbuzi inakaribia kwisha, nani ameshinda zabuni ya serikali. Ni wachache wanaotupia jicho biashara nyingine iliyo nyuma ya kaunta, ambayo haitengenezi hata kidonge kimoja. Hiyo ni biashara ya kuuza majina ya dawa kwa ajili ya kompyuta. Nchini Marekani biashara hiyo imewahi kuifikisha mahakamani kampuni kubwa ya magazeti na kuitoa dola milioni 19 za faida yake. Hadi leo ndiyo inayoamua kama duka moja la dawa linaweza kuelewa kumbukumbu za duka jingine.

Chukua kidonge cha kutuliza maumivu cha miligramu 500. Katika Afrika Mashariki wenye maduka wanakijua kama parasetamoli, na wateja wengi hukiita Panadol hata wanapopewa cha kiwanda kingine kabisa. Marekani dawa hiyo hiyo inaitwa asetaminofeni, na jina la biashara lililozoeleka ni Tylenol. Sasa duka moja liandike kwenye kompyuta yake jina la asili, la pili liandike kifupi chake "APAP 500", la tatu liandike Tylenol. Mfamasia akisoma atajua mara moja kuwa ni kitu kimoja. Kompyuta haijui. Kwake hizo ni bidhaa tatu zisizohusiana.

Hasara yake si ya mahesabu ya stoo peke yake. Warfarini ni dawa ya kuzuia damu isigande, na tofauti kati ya kipimo kinachofaa na kinachodhuru ni ndogo. Kwa miongo mingi iliuzwa Marekani kwa jina la Coumadin, ipo pia kwa jina la Jantoven, mbali na zile zinazouzwa kwa jina la asili. Mgonjwa aliyepewa Coumadin hospitalini, kisha akapewa warfarini katika duka la mtaani kwake, anaweza kumeza zote mbili akidhani ni dawa mbili tofauti, na damu ikaanza kumtoka ndani. Programu ya duka ilitakiwa kumwonya mfamasia. Lakini kama kumbukumbu za hospitali zimeandikwa kwa namba ambazo duka halizijui, onyo hilo halitokei.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani dawa hazina namba? Zinazo. Tangu sheria ya mwaka 1972, dawa zinazouzwa Marekani huorodheshwa serikalini kwa namba ya NDC, yenye tarakimu 10 katika sehemu tatu: ya kwanza humtaja anayeiweka dawa sokoni, ya pili bidhaa yenyewe, ya tatu ukubwa wa pakiti. Kwa mtu wa stoo hiyo ni namba nzuri sana. Kwa daktari haina msaada, kwa sababu kidonge kile kile kikiwa kwenye chupa ya vidonge 100 kina namba yake, na kwenye chupa ya 1,000 kina nyingine. Viwanda kumi vikitengeneza dawa moja, namba zitakuwa nyingi kuliko viwanda. Isitoshe, tarakimu hizo 10 zinaweza kugawanywa kwa mitindo mitatu, na makampuni ya bima hutaka tarakimu 11, kwa hiyo sifuri huongezwa mahali tofauti kulingana na mtindo. Ukishaondoa vistari vinavyotenganisha sehemu, huwezi tena kujua kwa hakika sifuri inakwenda wapi. Zamani hata iliruhusiwa namba ya bidhaa iliyokufa kupewa bidhaa nyingine baada ya miaka mitano.

Mwenye orodha ndiye mwenye soko

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara. Makampuni kama First Databank, Medi-Span, Micromedex na Multum yaliajiri wafamasia wakakaa na kuzipanga dawa zote, wakaeleza ipi ni sawa na ipi, ipi haichanganywi na ipi, kisha yakauza orodha hizo kwa watengenezaji wa programu za maduka, kwa hospitali na kwa makampuni ya bima. Kila kampuni ilitumia namba zake yenyewe. Aliyenunua orodha ya kampuni moja hakuweza kusoma namba za kampuni nyingine.

Mfanyabiashara yeyote anaona faida iko wapi hapo. Mteja akishajenga mfumo wake wote juu ya namba za mtu mmoja, kuhama kunamgharimu zaidi kuliko kulipa nyongeza ya ada. Ni sawa na kupanga fremu ambayo mashine zako umezijengea kwenye sakafu ya zege: mwenye nyumba akipandisha kodi, unalipa.

Kampuni ya Hearst, maarufu kwa magazeti, ndiyo iliyokuwa ikimiliki First Databank. Mwaka 1998 ikainunua Medi-Span kwa dola milioni 38, na hivyo washindani wakuu wawili wakawa chini ya paa moja. Mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikwenda mahakamani ikidai kwamba ununuzi ule ulileta ukiritimba na kwamba wateja walipandishiwa bei kwa kiasi kikubwa. Kabla mwaka haujaisha Hearst ilikubali kuiuza Medi-Span na kurudisha dola milioni 19 za faida. Ililipa pia faini ya dola milioni 4 kwa kutowasilisha nyaraka muhimu wakati wa kuomba kibali cha ununuzi. Medi-Span ilichukuliwa na kampuni tanzu ya Wolters Kluwer ya Uholanzi.

Orodha hizo hazikubeba majina tu. Zilibeba pia kile kilichoitwa bei ya wastani ya jumla, ambayo bima nyingi ziliitumia kuyalipa maduka. Katika kesi nyingine ilidaiwa kwamba kuanzia mwishoni mwa mwaka 2001 First Databank na muuzaji mkubwa wa jumla, McKesson, walipandisha nyongeza juu ya bei ya kiwandani kutoka asilimia 20 hadi asilimia 25 kwa dawa nyingi zenye majina ya biashara. McKesson ilikubali kulipa dola milioni 350 kuimaliza kesi bila kukiri kosa, na First Databank ikaacha kuchapisha bei hizo mwaka 2011. Kwa maneno mengine, mabadiliko ya tarakimu chache ndani ya orodha yalitosha kusogeza mamilioni kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Kamusi ya bure

Wakati kesi hizo zikiendelea, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda katika jimbo la Maryland, ilianza kutengeneza kamusi inayoitwa RxNorm. Haikukusudia kuyafuta makampuni. Kila moja iliachwa na namba zake, ila zote zinafungwa kwenye namba moja ya pamoja.

Mwenye duka la kubadilishia fedha ataelewa haraka. Ukiwa na orodha kumi na kila moja inataka kusoma nyingine moja kwa moja, unahitaji jozi 45 za ulinganisho, na kila dawa mpya ikiingia jozi hizo zote zinafanyiwa kazi upya. Ukiweka sarafu moja katikati, unahitaji viungo kumi tu. RxNorm ndiyo dola ya soko hilo.

Kanuni yake ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Jina la dawa hujengwa kwa vitu vitatu kwa mpangilio ule ule: kiini cha dawa, nguvu yake, na umbo analopewa mgonjwa. Kile kidonge cha mwanzo kinaandikwa "Acetaminophen 500 MG Oral Tablet" na namba yake ni 198440. Kiini peke yake, bila nguvu wala umbo, kina namba 161. Jina la kiwanda na ukubwa wa chupa vimewekwa kando. Jina la biashara lina namba yake, lakini limefungwa kwenye ile ya asili. Kwa hiyo kompyuta inayopokea Tylenol inapanda hadi 198440, kisha inashuka kwenye bidhaa yoyote ya kiwanda chochote iliyo sawa nayo. Namba zile za NDC zenye fujo zinaning'inia chini ya mti huo huo.

Ugumu uko kwenye kuamua nini ni sawa na nini. Metoprololi, dawa ya shinikizo la damu, ipo kwa chumvi mbili. Moja hufanya kazi upesi na kwa kawaida hunywewa zaidi ya mara moja kwa siku, nyingine huachiliwa mwilini polepole kwa saa 24. Kamusi ikiziunganisha kwa sababu kiini ni kimoja, mgonjwa anaweza kupewa isiyo yake. Ikizitenganisha mno, inarudi kwenye vurugu ya mwanzo. Hiyo ndiyo kazi halisi ya watu wa Bethesda, na haina mwisho: toleo kamili hutoka kila mwezi na nyongeza za dawa mpya hutoka kila wiki.

Faida ya kwanza ya wazi ilionekana jeshini. Wizara ya Ulinzi na idara inayowahudumia askari wastaafu kila moja ilikuwa na orodha yake ya dawa, na askari alipoacha utumishi kumbukumbu zake hazikusomeka upande wa pili. Kuanzia mwaka 2006 pande hizo mbili zilianza kupashana habari za dawa na mizio ya wagonjwa wao zikipitia RxNorm, hivyo mfamasia wa upande mmoja akaonywa kuhusu dawa iliyotolewa upande wa pili. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kutoa ruzuku kwa hospitali na madaktari wanaotumia kumbukumbu za kompyuta, na masharti ya programu za kupata ruzuku hiyo yakaja kuitaja RxNorm. Kuanzia hapo mtengenezaji wa programu hakuwa tena na hiari.

Jina bure, ushauri kwa fedha

Hapa ndipo mwekezaji asipoangalia anaweza kukosea. Serikali ikigawa bure kitu ambacho makampuni yanauza, wengi watatarajia makampuni hayo yafe. Hayakufa. RxNorm inaeleza dawa inaitwaje. Haielezi kiasi gani apewe mtoto, wala haihakiki kama dawa mbili zinagombana. Maktaba iliwahi kutoa huduma ya bure ya kuangalia migongano ya dawa kwa njia ya kompyuta, lakini iliisimamisha tarehe 2 Januari 2024, na watengenezaji wadogo wa programu walioitegemea wakabaki kutafuta mbadala. Makampuni ya orodha yanaishi kwa kuuza ujuzi huo wa pili, na namba ya pamoja imeyasaidia pia, maana mteja mpya anaunganishwa kwa kazi ndogo kuliko zamani. Upande wa pili, mteja anayetaka kuhama naye anahama kwa urahisi zaidi, hivyo ile nguvu ya mwenye nyumba imepungua.

Kwa mwenye fedha kidogo, njia za kuingia katika biashara hii si nyingi. Hearst ni mali ya ukoo na haiuzi hisa kwa umma. Wolters Kluwer iko kwenye soko la Amsterdam, lakini Medi-Span ni kipande tu cha kampuni inayofanya pia sheria na kodi. Multum ilikuwa chini ya Cerner, ambayo Oracle iliinunua mwaka 2022 kwa takriban dola bilioni 28. Micromedex imetangatanga zaidi: iliingia IBM mwaka 2016 pale IBM ilipoinunua Truven kwa dola bilioni 2.6, kisha mwaka 2022 ikauzwa kwa wawekezaji binafsi na sasa iko chini ya Merative. IBM na fedha zake zote haikuona faida iliyoitarajia katika biashara ya data za tiba, jambo la kukumbukwa na wanaodhani kila kitu chenye neno kompyuta ni mgodi.

Afrika Mashariki nayo imo kidogo katika habari hii. Programu ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006, hutumia sana kamusi iitwayo CIEL, na majina ya dawa katika kamusi hiyo yameunganishwa na namba za RxNorm. Eneo hili lina nafuu moja kuliko Marekani: parasetamoli na salbutamoli yanayotumika hapa ni majina ya kimataifa yanayosimamiwa na Shirika la Afya Duniani chini ya mpango ulioanzishwa kwa azimio la mwaka 1950. Wamarekani, wenye asetaminofeni na albuteroli, wanalazimika kutafsiri. Lakini jina la kimataifa hutaja kiini tu, halitaji nguvu wala umbo, na programu za maduka zinazouzwa kwa bei rahisi humwachia mwenye duka aandike bidhaa apendavyo. Anayenunua programu ya aina hiyo angefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa: namba za dawa zilizomo ni za nani, na mkataba ukivunjika atabaki nazo au zitaondoka na muuzaji?

Kwa soko la Marekani, gharama nyingine iko njiani. Tarakimu tano zinazomtambulisha anayeweka dawa sokoni zinakaribia kwisha, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilipendekeza NDC ya tarakimu 12 yenye mtindo mmoja kwa wote. Programu zilizojengwa kwa tarakimu 10 au 11, kuanzia kaunta ya duka hadi bima, zitahitaji kufanyiwa marekebisho, na bili hiyo watagawana wenye maduka na wanaowauzia programu.