Hongwe wa Ruvuma: mtaji uliomo mdomoni mwa dume

MTWARA: Wanunuzi wengi wa samaki huipita haraka meza ya hongwe na kukimbilia changu na kolekole. Hongwe hana magamba, anateleza na miiba yake huchoma. Hata hivyo, samaki huyu anamfaa mchuuzi mwenye mtaji mdogo, ili mradi aelewe anakotoka na namna anavyozaliana.

Hongwe ni ndugu wa kambale, na jina lake la kitaalamu ni Arius africanus. Wafugaji wa samaki wa mapambo huwajua zaidi jamaa zake wadogo wa maji baridi ya Amerika Kusini, ambao mwili wao umefunikwa vibamba vya mfupa. Hongwe yeye amejihami kwa sehemu tu: ana ngao ya mfupa kichwani na miiba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni.

Makao yake

Maskani yake ni pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari, na hupanda pia mtoni kwenye maji baridi. Mto Ruvuma, wenye urefu wa kilometa zipatazo 800, huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea na kumwaga tope lake baharini, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji. Kwenye tope hilo, karibu na mikoko, hongwe hutafuta kaa, kamba na minyoo kwa kutumia sharubu zake, maana katika maji ya matope macho hayamsaidii sana. Mikoko ikikatwa, chakula na maficho ya samaki wachanga hupungua, na hasara hiyo hatimaye hufika sokoni.

Uzazi wake

Hapa ndipo penye hesabu ya mfanyabiashara. Kambale hutaga mayai kwa maelfu. Hongwe jike hutaga makumi tu, kila yai likikaribia ukubwa wa gololi. Dume huyabeba mdomoni kwa wiki kadhaa bila kula, mpaka watoto waweze kujitegemea. Akinaswa huyatema, na uzao wote hupotea. Kwa lugha ya biashara, hongwe ni mtaji unaozaa polepole: ukichotwa kwa pupa haurudi upesi kama dagaa.

Sehemu ya maji hayo imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilometa za mraba 650. Mwenye nia ya kuwekeza katika mashua au nyavu huko hana budi kwanza kujua masharti ya hifadhi.

Ushauri kwa wanunuzi

Wachuuzi wanashauriwa kukataa hongwe wachanga na shehena iliyovuliwa kwa makokoro. Miiba ivunjwe kabla ya kupanga samaki kwenye tenga. Aliyechomwa aloweke jeraha kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, kisha aende zahanati. Samaki wasiouzwa siku hiyo watiwe chumvi mapema na kuanikwa wawe ng'onda, kwani hongwe akishaanza kuharibika hata chumvi haimwokoi. Bei ya leo ni ya mnunuzi na muuzaji. Ya mwakani inategemea madume walioachwa mtoni.