Kipanya Kinachofuata Mkono

Kipanya cha kwanza cha kompyuta kilikuwa cha mbao. Mwaka 1964, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko California, Douglas Engelbart alikibuni na mhandisi mwenzake Bill English akakiunda: kisanduku chenye kitufe kimoja juu na magurudumu mawili tumboni, moja likipima mwendo wa mbele na nyuma, jingine wa kushoto na kulia. Umma ulikiona San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Baadaye kikawa cha plastiki, kikapewa mpira wa kuviringika, kisha taa na jicho, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake kimebaki na tabia moja kwa mikono yote. Kipanya cha wacheza gemu kinachopangika ndicho kilichovunja desturi hiyo. Vitufe vyake hubadilishwa kazi, kasi yake hupandishwa na kushushwa, na baadhi ya aina huongezewa hata uzito: Logitech G502, iliyotoka mwaka 2014, ilikuwa na vitufe 11 na vipande vitano vya uzito, kila kimoja gramu 3.6. Ninavyoona, thamani ya chombo hiki imo katika huko kupangika, na tarakimu kubwa zilizochapwa kwenye boksi lake hazina uzito zinaopewa. Kwa sababu hiyohiyo kinamfaa karani wa chama cha msingi cha korosho Mtwara, au mchora ramani wa mikoko ya Mto Ruvuma, kama kinavyomfaa mcheza gemu, na pengine zaidi.

Tarakimu inayotangulizwa mbele ni DPI, yaani idadi ya hatua ambazo kipanya huhesabu kinaposogea inchi moja. Razer Boomslang ya mwaka 1999, mojawapo ya vipanya vya kwanza kuuzwa mahsusi kwa wacheza gemu, bado ilikuwa na mpira, na tayari ilitangazwa kwa hatua 2,000. Mwaka huohuo kikatoka IntelliMouse Explorer cha Microsoft, kilichotumia kihisi cha mwanga cha kampuni ya Agilent, na mpira ukaanza kutoweka madukani. Kihisi hicho ni kamera ndogo. Taa humulika meza kwa pembeni ili vinundu vyake vidogo vitoe vivuli, kamera hupiga picha ya vivuli hivyo mara 1,500 kwa sekunde, na chipu hulinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua meza imehama upande gani na kwa kiasi gani. Picha yenyewe ni duni, ya vitone mia chache tu, lakini yatosha. Vihisi vya leo hupiga picha maelfu kwa maelfu, na DPI zimepanda hadi makumi ya maelfu. Hapo ndipo hesabu inapoanza kumgeuka mnunuzi. Kioo cha kompyuta chenye pikseli 1,920 kwa upana, kwa DPI 800, huvukwa kwa kusogeza mkono sentimita sita hivi. Kwa DPI 16,000 kioo hichohicho huvukwa kwa milimita tatu. Mkono wa binadamu, hata uliotulia, una mtetemo wa asili unaojirudia karibu mara kumi kwa sekunde, na katika milimita tatu mtetemo huo hauna pa kujificha. Ndiyo maana wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike, gemu ya kufyatuliana risasi, ambao riziki yao imo katika shabaha, huweka vipanya vyao kwenye 400 au 800. Wanaojua kazi huipunguza ile tarakimu iliyouza boksi.

Tarakimu ya pili ni idadi ya mara ambazo kipanya huripoti kwa kompyuta. Kile cha kawaida huripoti mara 125 kwa sekunde, cha gemu mara 1,000, na vipo vya mara 8,000. Kutoka 125 hadi 1,000, muda wa wastani wa kusubiri ripoti hushuka kutoka milisekunde nne hadi nusu milisekunde. Mchezaji aliye nyumba moja na seva anaweza kufurahia tofauti hiyo. Aliye Shangani, Mtwara, anakabiliwa na jiografia. Nuru ndani ya waya wa nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Johannesburg, kwenye seva za Counter-Strike zilizo karibu, ni mwendo wa takriban kilomita 2,200 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 22 hata kama hakuna kingine kinachochelewesha. London ni kilomita 7,900 hivi, na safari hiyo hula karibu milisekunde 80. Waya wenyewe haunyooki. Hufuata pwani, huzunguka bara, hupita vituo kadhaa, kwa hiyo muda halisi ni mkubwa kuliko huo. Milisekunde tatu na nusu zilizonunuliwa kwa bei ya juu humezwa na umbali kabla risasi haijamfikia mpinzani.

Basi kama kasi haiko hapo, iko wapi? Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kulifikia lengo hutegemea mambo mawili, umbali wa lengo na ukubwa wake. Mwaka 1978 Stuart Card, akiwa na Bill English yuleyule na Betty Burr, alichapisha majaribio yaliyofanywa kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto. Walilinganisha kipanya na kijiti cha kuongozea na vitufe vya kibodi katika kazi ya kuchagua maneno kwenye kioo. Kipanya kilishinda kwa kasi na kwa uchache wa makosa, na la maana zaidi, kasi yake ilikuwa imekaribia kasi ya mkono mtupu unaonyoosha kidole. Miaka zaidi ya arobaini iliyopita, kwa hiyo, chombo kilikuwa kimeufikia mpaka wa mwili wa anayekitumia. Kuongeza tarakimu juu ya mpaka huo hakuna tija kubwa. Kilichobaki ni kupunguza safari zenyewe, na kanuni ya Fitts inaonyesha njia fupi kuliko zote: lengo lililo tayari chini ya kidole. Kitufe cha pembeni kilichopewa kazi ya kunakili, na jirani yake kazi ya kubandika, hufuta safari nzima ya kwenda kwenye menyu na kurudi.

Mtu anayejua Mtwara atauliza faida hii inamwangukia nani, kwa kuwa vijana wengi wa mji huu hucheza gemu kwenye simu au katika vibanda vya PlayStation, ambako kipanya hakina nafasi. Pingamizi hilo ni la kweli kwa upande wa gemu, nami silipunguzi. Lakini kompyuta za Mtwara hazijakaa bure. Mfumo wa stakabadhi ghalani wa korosho ulianzia mkoani humo msimu wa 2007/08, na tangu 2024 minada imekuwa ikipitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Nyuma ya kila tani inayopigiwa bei kuna jina la mkulima, kilo na daraja, na mtu aliyeyaingiza. Tarakimu ataziandika kwa kibodi, hilo halina ubishi. Kuhama kisanduku hadi kisanduku, kufungua faili, kunakili namba ya mkulima kutoka orodha moja hadi nyingine ndiko kunakoupeleka mkono kwenye kipanya siku nzima. Kwenye steshenari zinazotengeneza kadi za harusi na mabango, kazi ni ileile kwa sura nyingine: kukata picha, kusogeza maandishi, kutengua kosa, kurudia. Na kusini, katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, mikoko haijulikani imepungua au imeongezeka mpaka mtu achore mipaka yake juu ya picha za setilaiti, nukta baada ya nukta, kufuata kila kijito cha maji chumvi. Vipanya vingi vya gemu vina kitufe ambacho ukikishikilia kasi hushuka ghafla. Kiliwekwa kwa ajili ya mlenga shabaha wa gemu. Mchora mikoko akikishikilia hupita kwenye kona za kijito kwa utulivu, akikiachia huruka hadi ng'ambo ya ramani.

Sifa ninayoithamini kuliko zote haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi lolote. Aina nyingi nzuri zina kumbukumbu ndani ya kipanya chenyewe, hivyo mpangilio ukishawekwa hubaki humo hata kikichomekwa kwenye kompyuta nyingine. Mahali ambako kila mchezaji ana mashine yake, kumbukumbu hiyo ni nyongeza tu. Mtwara, ambako kompyuta moja ya ofisi au ya chuo hutumiwa na watu wengi kwa zamu, ndiyo uti wa mgongo wa faida yote. Fundi wa Kimakonde anayechonga mpingo huja kazini na tezo yake, mpini ameukata kwa kipimo cha kiganja chake, na hatarajii benchi la karakana limkumbuke. Kipanya chenye kumbukumbu humpa mtumiaji wa kompyuta ya zamu uhuru huohuo. Wapo watakaosema programu za bure hufanya kazi ileile kwa kipanya cha bei poa. Hufanya, ila hukaa ndani ya kompyuta, aghalabu huhitaji ruhusa ya kusakinishwa ambayo karani wa kawaida hana, na ukihama meza zinabaki. Hata kwenye vipanya vya gemu mnunuzi awe macho: baadhi ya aina zimewahi kudai akaunti na intaneti kabla ya kupangwa, na nyingine huhifadhi kasi ndani lakini si kazi za vitufe. Hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kuuliza DPI.

Pingamizi zito zaidi linahusu haki. Kitufe kimoja kinaweza kupangwa kitoe mfululizo mzima wa amri, na mpinzani asiye nacho atalalamika kwamba anashindana na mashine. Mwezi Agosti 2024 Valve, wenye Counter-Strike 2, walipiga marufuku vifaa na programu zinazojumuisha matendo kadhaa ya mchezaji katika kubonyeza kumoja, baada ya kibodi fulani kurahisisha kusimama papo hapo kunakohitaji mazoezi marefu. Naona walifanya sawa, na uamuzi wao unachora mstari mzuri. Kuhamisha kitufe kije chini ya kidole ni kumfaa mtu. Kuiachia mashine ifanye ustadi aliopaswa kuwa nao mtu ni jambo lingine, na katika mashindano halina utetezi. Ofisini mizani hubadilika, kwa kuwa hakuna mpinzani anayedhulumiwa karani anapobandika namba kwa kubonyeza mara moja badala ya nne.

Pwani nayo ina lake la kusema. Vipanya vingi vya gemu hupakwa raba laini ili visiteleze mkononi, na raba za aina hiyo huvunjwavunjwa na unyevu, joto likiharakisha kazi, mpaka zinanata kama utomvu. Kwenye hewa ya Mikindani au Msimbati plastiki tupu yenye ukwaruzo hudumu kuliko raba. Swichi za vitufe ni vipande vya chuma vinavyogusana kwa umeme mdogo sana. Vikipata kutu mguso huwa wa kusitasita, na bofyo moja husomwa kama mawili. Kwa mcheza gemu hiyo ni kero, kwa karani ni mkulima mmoja aliyeingizwa mara mbili. Swichi zinazotumia mwali wa mwanga zimekwepa tatizo hilo, na kwa mtu wa pwani ni hoja nzito kuliko kasi ya kuripoti. Mchanga hula miguu laini ya chini ya kipanya. Meza ya kioo haina vinundu vya kupigwa picha, hivyo kihisi cha kawaida hupotea juu yake. Mkeka wa ukindu una vinundu tele, lakini hupanda na kushuka, na kihisi kimewekwa kitazame uso ulio milimita chache tu chini yake. Kanga iliyokunjwa vizuri na kutandazwa juu ya meza hufaa kuliko vyote viwili.

Mahali hoja yangu inapokwama ni kwa watu wa mashoto. Programu hubadilisha vitufe, hubadilisha kasi, lakini haigeuzi umbo, na vipanya vingi vya gemu vimefinyangwa kwa kiganja cha kulia, kidole gumba kikiwa na pango lake upande wa kushoto. Razer walitoa toleo la mkono wa kushoto la kipanya chao cha Naga mwaka 2020, na vya namna hiyo ni vichache mno sokoni. Anayetumia mkono wa kushoto atafute kipanya chenye pande mbili zinazofanana na vitufe vya pembeni kwa kila upande, kisha abadilishane kazi za kitufe cha kushoto na cha kulia ndani ya kumbukumbu ya kipanya chenyewe, asifanye hivyo kwenye mipangilio ya Windows. Akifanya kwenye Windows, na wote wanatumia akaunti moja, mwenzake wa zamu inayofuata ataikuta kompyuta imegeuzwa.