Maji Juu ya Mji: Funzo la Huaraz

Mji wa Huaraz uko katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, ndani ya bonde lililo juu ya bahari kwa mita 3,000 na zaidi. Milima ya Andes imeuzunguka, na barafu ya vilele vyake ndiyo iwapayo watu maji ya kunywa na ya mashamba. Barafu hiyo hiyo ndiyo iliyowaletea msiba.

Barafu iyeyukapo, maji hujikusanya mlimani yakawa ziwa. Ukingo wa ziwa la namna hii mara nyingi si mwamba, bali ni kifusi cha mawe na changarawe. Asubuhi ya tarehe 13 Desemba, 1941, ukingo wa ziwa Palcacocha ulibomoka. Matope na mawe yalifagia karibu theluthi moja ya mji, na watu wasiopungua 1,800 wakafa.

Tarehe 31 Mei, 1970, ukaja msiba wa pili: tetemeko la ardhi. Nyumba nyingi zilijengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, na njia zilikuwa nyembamba. Hata waliokimbilia nje waliangukiwa na kuta. Siku hiyo hiyo mji wa jirani, Yungay, ulifunikwa na barafu na mawe ya mlima Huascarán. Katika wachache waliopona wamo waliowahi kupanda kilima cha makaburi.

Baada ya hayo njia za Huaraz zilipanuliwa. Mwaka 1974 ukingo wa ziwa uliimarishwa kwa kuta, na mwaka 2011 yaliwekwa mabomba ya kuvuta maji. Hata hivyo, kwa kuwa barafu inarudi nyuma, maji ya ziwa yaliongezeka zaidi ya mara 30 kati ya mwaka 1974 na 2009. Na watu wamekwisha kujenga tena mahali palipofagiwa.

Kuta na mabomba hupunguza hatari, lakini hayaiondoi. Kwa hiyo kila nyumba iliyo bondeni yapasa ijue mapema mambo matatu: njia ya kupandia mahali pa juu, mtu wa kumchukua mzee na mtoto, na mahali pa kukutania. Njia hiyo yafaa ipitwe kwa miguu siku ya amani, mchana na usiku. Na siku ya hatari mtu asirudi nyuma kufuata mali. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyechukuliwa na maji hajengi tena.