Mashabiki walipopunguziwa viti Kasarani

Nani wa kulaumiwa: kocha, shabiki au wenye malango? Swali hilo lilizua mabishano makali katika mitaa ya Eastlands mnamo Agosti 2025, Kenya ilipoandaa fainali za CHAN pamoja na Tanzania na Uganda. Hilo ni kombe la Afrika la wanasoka wanaosakata gozi katika ligi za nchi zao.

Eastlands watu hawakuzoea kuulizwa tiketi. Katika uga wa Camp Toyoyo kule Jericho, au kwenye mashindano ya Koth Biro mtaani Ziwani, shabiki husimama kandokando ya mstari, karibu na kocha kiasi kwamba akimtusi anasikika, na akimshauri anasikika vilevile. Kandanda huku ni mali ya mtaa.

Basi Harambee Stars walipoanza vyema, watu walifurika Kasarani, wenye tiketi na wasio nazo. Agosti 3, bao la Austin Odhiambo liliizima DR Congo. Siku nne baadaye Kenya, wakiwa wachezaji kumi kwa muda mrefu, walitoka sare ya 1-1 na Angola. Malango yakasukumwa, na wasio na tiketi wakapenya.

CAF haikuchelewa. Ilitoza shirikisho la FKF faini, ikaamuru mechi ya Agosti 10 dhidi ya Morocco itazamwe na mashabiki 27,000 pekee, tena wenye tiketi za elektroniki, katika uga unaoweza kubeba zaidi ya 40,000. Hapo ndipo penye uchungu. Aliyeruka ua hakuna aliyemjua jina. Aliyekosa kiti ni baba wa Umoja au Kayole aliyekuwa amewaahidi wanawe, na ambaye hajawahi kuruka ua wowote. Hata hivyo, tusijidanganye: walioruka walikuwa wenzetu, na msukumano langoni huua watu.

Morocco wenyewe walichapwa 1-0, Ryan Ogam akifunga, ingawa Kenya walicheza kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Ogam alifunga tena Zambia walipolazwa 1-0, na Kenya wakaongoza kundi. Kisha ikaja robo-fainali dhidi ya Madagascar, Agosti 22. Tiketi zilisemekana zimekwisha, lakini viti vingi vilikuwa vitupu! Alphonce Omija aliipa Kenya bao, Madagascar wakasawazisha kwa penalti, na katika mikwaju ya kuamua mshindi Kenya wakalala 4-3. Morocco, waliopigwa na watu kumi Kasarani, ndio walionyanyua kombe papo hapo Agosti 30.

Na kocha je? Benni McCarthy alikabidhiwa timu Machi 2025. Hakuwa mgeni kwa wapenzi wa soka: alitwaa Klabu Bingwa Ulaya na Porto mwaka wa 2004, aliifungia Afrika Kusini mabao 31, na baadaye akawanoa washambuliaji wa Manchester United. Mwezi wa Agosti alikuwa mwana wa nyumbani. Kufikia Septemba 5, Gambia walipoilaza Kenya 3-1 papo hapo Kasarani katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, wengi walikuwa wamemgeuka. Novemba, Senegal wakaicharaza Kenya 8-0 nchini Uturuki.

Mabao manane hayana utetezi, na sitajaribu kuyatetea. Lakini uvumilivu wetu kwa makocha ni mfupi mno, awe mgeni au mwenyeji. Francis Kimanzi aliipa Mathare United, timu ya mabanda ya huku huku Eastlands, ubingwa wa ligi mwaka wa 2008. Alipopewa Stars Agosti 2019, hakufika hata mwisho wa 2020. Anayetaka timu ijengwe na anayetaka kocha afutwe kila baada ya kipigo mara nyingi ni mtu yule yule, amekaa kwenye benchi lile lile la kibanda cha video.

Mnamo Septemba 2023 nchi hizi tatu zilipewa pia kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mabishano ya Jericho kuhusu nani afundishe timu hayataisha karibuni. Yale ya langoni ni mepesi zaidi: nani alizinunua tiketi za Agosti 22, na mbona hakuja kukaa?