Jahazi la kandambili: Pichani huoni jasho la fundi

Sisi wa mjini tukisikia "sanaa" akili inakimbilia vinyago vya Mwenge na picha za Tingatinga, vitu vya kufunga kwenye gazeti ukampelekea mgeni. Kumbe bwana, ipo sanaa kubwa kama nyumba! Chukua jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018. Urefu mita 9, limemeza takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavuni limevishwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni. Rangi zake usiseme, bab kubwa.

Watu wamelipiga picha mpaka basi. Mimi kilichonikereketa ni jikoni kwake: lilipikwaje? Maana plastiki au mbao, jahazi linaundwa kwa ufundi uleule wa mababu. Na ufundi huo sikuufuata Lamu. Niliuona delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti, upande wa Nyamisati, nikashinda kutwa na mafundi wa mashua.

Msomaji wangu, usitegemee ofisi. Karakana yenyewe ni kivuli cha mwembe, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu na mbu wasio na adabu. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, kaa hapo, ila usikanyage kamba." Nikamuuliza mchoro uko wapi, vijana wakaangua kicheko. Mchoro hakuna! Mzee anautandika mkuku, anafumba jicho moja, anaangalia, basi. Tezo inalia, keekee inatoboa, kijana mmoja kazi yake ni kusokota pamba za kalafati tu, kutwa nzima.

Utamu wenyewe uko kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Fundi hakunji mti. Anaingia kwenye mikoko akiutafuta mlilana uliojipinda wenyewe, pindo likilingana na lililo kichwani mwake. Anaweza kupita miti mia akarudi mikono mitupu. Na kuukata si kujikatia tu, mikoko ni hifadhi, lazima kibali. Delta hii ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na boriti zake zimeezeka nyumba mpaka Uarabuni. (Ukikuta chumba chembamba kwenye nyumba ya kale Mji Mkongwe, usimlaumu mwenye nyumba, aliyepanga upana ni boriti.)

Sasa rudi Lamu. Fundi Ali Skanda, aliyeongoza kazi ya Flipflopi, alikuwa na kichwa cha aina nyingine kumuuma. Plastiki haioti imejipinda msituni. Taka zinachambuliwa, zinayeyushwa, zinamiminwa kwenye kalibu, ndipo zinachongwa kama mbao. Jua likiwaka plastiki inatanuka, na haina ugumu wa mti, kwa hiyo vipimo alivyorithi fundi vinamgomea. Kazi ilikula zaidi ya miaka miwili. Zile kandambili unazozishangaa ni nguo tu, mwili uko ndani.

Mzee wa Nyamisati hakuwa amelisikia. Si ajabu, maana safari ya mwaka 2019, kama kilomita 500 kutoka Lamu, iliishia Unguja, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria. Rufiji halikufika. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akawatazama vijana wake wawili. Zamani, alisema, walikuwa saba. Watano wamehamia bodaboda Kibiti mjini, kwenye hela ya kila siku. Sikuweza kuwalaumu, mashua moja inakula miezi na mwenye chombo analipa kwa mafungu.

"Hilo la plastiki linaelea kweli?"

"Linaelea babu, kwa tanga."

"Mataruma yake nani kayapima?"

"Fundi wa Lamu, kwao ni waunda majahazi."

"Aa, basi hilo ni jahazi," akasema, akaokota tezo. Halafu akaniagiza nimshikie ncha ya ubao, maji yalikuwa yameanza kujaa na kijana wa kalafati alikuwa bado hajamaliza upande wa chini.